Mafundisho ya Yesu katika maisha ya kila siku: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali yanayorudi kila mara: kwenye jumuiya za nyumba kwa nyumba, kwenye darasa la watu wazima, njiani baada ya ibada, na kwa simu za usiku ambazo huanza na "samahani kwa usumbufu". Majibu yameegemea zaidi Hotuba ya Mlimani (Mathayo sura ya 5 hadi ya 7), maana huko ndiko maswali mengi yanakotoka. Namba zimewekwa ili jibu moja likuelekeze kwa jingine. Si lazima usome kwa mfuatano.

## Mambo ya mwanzo

1. Nianzie wapi? Biblia ni kubwa na kazi ni nyingi.

Anza na Mathayo 5, 6 na 7. Ni aya 111 tu; ukisoma kwa sauti bila haraka unamaliza chini ya nusu saa. Ukishamaliza, rudia, na safari hii tafuta jambo moja unaloweza kulifanya kabla ya Jumapili ijayo, tena liwe na mtu ndani yake. "Nitakuwa mpole zaidi" halina mtu ndani yake. "Nitampigia shemeji ambaye hatujasemezana tangu msiba wa mzee" linaye. Yesu mwenyewe alifundisha hivyo: anataja shavu, kanzu, maili moja, mlango wa chumba unaofungwa, kichwa kilichopakwa mafuta. Ni vitu vya kushikika.

Baadaye nenda Luka 10 hadi 16, maana mifano mingi kuhusu mali, jirani na karamu iko huko. Kisha soma Mathayo 18 kwa ajili ya ugomvi wa kanisani, ambao hautakosekana.

2. Mbona hotuba ya Mathayo na ya Luka hazifanani?

Luka (6:17-49) ni fupi zaidi, na anasema Yesu alisimama mahali tambarare. Mathayo ana heri kwa "maskini wa roho". Luka anasema "ninyi mlio maskini", kisha anaongeza ole nne: kwa matajiri, walioshiba, wanaocheka, na wanaosifiwa na watu wote. Wapo wanaosema ni hotuba mbili, wapo wanaosema ni moja iliyoandikwa kwa namna mbili. Jumatatu yako haitegemei jibu hilo. Ila usimtumie Mathayo kumkimbilia Luka. Nimeona kwamba mwenye viwanja vitano huwa anayapenda sana yale maneno "wa roho".

3. Je, haya ni ya kutendwa kweli, au yametolewa ili tujione wenye dhambi?

Makanisa yamejibu kwa namna tofauti. Wengi wa mapokeo ya Luther wamesisitiza kwamba hotuba hii inatuvua kiburi na kutukimbiza kwenye neema. Wamennonite, waliofika Shirati mkoani Mara mwaka 1934, na Marafiki (Quakers), walioanza Kaimosi magharibi mwa Kenya mwaka 1902, walikuja na mapokeo ya kuichukua kama maagizo ya kutendwa, hata yale ya kutolipiza kisasi na kutoapa.

Mwisho wa hotuba Yesu anamsifu mtu anayeyasikia maneno yake "na kuyafanya" (7:24). Kwa hiyo alikusudia yatendwe. Lakini katikati ya hotuba hiyohiyo ameweka sala yenye ombi la kusamehewa, sala ambayo tunaisema kila siku. Basi alijua pia kwamba tutakosa, na kwamba kesho tutaanza tena. Ukishika upande mmoja tu, utakuwa mtu wa kujilaumu usiku kucha au mtu wa kujisifu mchana kutwa.

## Hasira, msamaha na wanaotuumiza

4. Kukasirika ni dhambi?

Marko 3:5 inasema wazi kwamba Yesu aliwatazama watu kwa hasira, alipoona hawajali mtu mwenye mkono uliopooza. Anachokikataza katika Mathayo 5:21-26 ni hasira inayowekwa akiba, inayogeuka tusi na kumshusha mwenzako. Dawa anayoitoa ni ya haraka: ukiwa madhabahuni ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, acha sadaka yako hapo, nenda ukapatane naye kwanza.

Soma vizuri hapo. Anayetakiwa kwenda ni yule aliyekosea. Ukienda Mathayo 18:15, anayetakiwa kwenda ni aliyekosewa. Wote wawili wakitii, watakutana njiani. Wengi wetu tumekaa nyumbani, kila mmoja akisubiri hodi ya mwenzake.

Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika ulitikisa watu kwa jambo hili. Walokole walirudisha mali walizoiba, walilipa madeni ya zamani, walikwenda kuomba radhi kwa majirani. Baadhi walizidisha, wakaungama hadharani mambo yaliyowavunjia heshima watu wengine. Yesu aliweka mpaka: kwanza nenda "wewe na yeye peke yenu".

5. Nimsamehe mara ngapi mtu anayerudia kosa lilelile?

Petro alidhani saba zinatosha. Yesu akamjibu saba mara sabini, kisha akatoa mfano wa mtumwa aliyedaiwa talanta elfu kumi (Mathayo 18:21-35). Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa siku nzima, na talanta ilikuwa kama dinari 6,000. Kwa hiyo deni lile ni kazi ya siku milioni 60. Hakuna ukoo unaoweza kulilipa. Mwenzake alidaiwa dinari 100, yaani kama miezi minne ya kibarua. Hilo nalo ni deni kweli, na Yesu hakuliita upuuzi. Alichokilaumu ni mtu aliyeachiwa kubwa kumkaba koo mwenye dogo.

Ukiona umeanza kuhesabu, hesabu kuanzia upande wako.

6. Kusamehe ni kurudi kama zamani?

Hapana. Hapa ndipo watu wema wanapoumizwa mara mbili. Kusamehe ni kuacha kisasi na kumwombea mema aliyekukosea. Unaweza kufanya hivyo hata kama yeye hajaomba radhi. Kupatana kunahitaji watu wawili, na Luka 17:3 inataja hatua zake: akikosa, mwonye, akitubu, msamehe. Kuaminiwa tena ni jambo la tatu, nalo huja polepole.

Mhazini wa kikundi aliyekula fedha za wanachama anaweza kusamehewa kwa machozi na nyimbo, akaketi nasi mezani, na bado asikabidhiwe sanduku wala funguo. Kumpa sanduku ni kumrudisha majaribuni, na tunaomba kila siku tusitiwe huko.

7. Mume wangu ananipiga. Nimeambiwa nigeuze shavu la pili na nivumilie.

Dada yangu, aliyekuambia hivyo amelitumia neno la Yesu vibaya. Ukiwa hatarini, ondoka wewe na watoto, nenda kwa mtu unayemwamini, na toa taarifa. Tanzania, vituo vya polisi vina dawati la jinsia na watoto kwa ajili ya mambo haya. Kama umeumia, anza hospitali.

Mathayo 5:39 inataja shavu la kuume. Mtu anayetumia mkono wa kulia akikupiga shavu hilo, anakupiga kwa nyuma ya kiganja, na wafafanuzi wengi wanaona hapo dharau ya mkubwa kwa mdogo. Yesu anamwambia anayedharauliwa asilipize, wala asijikunyate kama kwamba dharau ile ni haki. Hakusema neno lolote la kumfunga mtu ndani ya nyumba pamoja na anayemvunja mbavu. Yeye mwenyewe alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu alihoji: "wanipigia nini?" (Yohana 18:23). Watu wa Nazareti walipotaka kumtupa chini ya genge, alipita katikati yao akaenda zake. Wanafunzi wake aliwaambia wakifukuzwa mji mmoja wakimbilie mwingine (Mathayo 10:23).

Kuhusu kumsamehe mume, soma namba 6. Utaifikia ukiwa mahali salama.

8. Kumpenda adui ni kufanya nini hasa? Siwezi kujilazimisha kumpenda.

Hukuamriwa uone raha ukimwona. Ukisoma Mathayo 5:44-47 utakuta matendo: muombee, na msalimie. Naam, salamu. Yesu anauliza, mkiwaamkia ndugu zenu tu, mnatenda tendo gani la ziada? Kwetu, mahali ambapo kumnyima mtu salamu ni silaha inayoeleweka hata na watoto, aya hii ina makali yake. Nuno la miaka saba linaweza kuvunjwa na "shikamoo" moja. Luka 6:27 inaongeza kumtendea mema.

Wapo waliolibeba neno hili katika mambo makubwa kuliko nuno. Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda aliuawa Februari 1977 chini ya utawala wa Idi Amin. Askofu Festo Kivengere wa Kigezi akatoroka usiku na mkewe kuelekea Rwanda. Baadaye aliandika waziwazi kwamba anampenda Idi Amin, na wakati huohuo hakuacha kuueleza ulimwengu mauaji yaliyokuwa yakitendeka nchini kwake. Upendo wake haukumfunga mdomo.

## Fedha, madeni na michango

9. "Akuombaye, mpe." Kila mwisho wa mwezi simu hazikatiki. Nimpe kila mtu?

Swali hili huulizwa zaidi na vijana waliopata ajira wakiwa wa kwanza katika ukoo. Yesu hakuweka kiwango. Alisema usimpe kisogo (Mathayo 5:42), yaani usimgeuzie mtu mgongo kama kwamba hayupo. Unaweza kumtazama mtu, kumsikiliza, na kumpa kilichopo, hata kama ni theluthi ya alichoomba. Kama hakipo, mwambie hakipo. Kuzima simu na kuandika "niko kwenye kikao" ni kisogo.

Mambo mawili ya kuongeza. Ukikopesha ndugu, toa kiasi ambacho kisiporudi hamtagombana; Luka 6:35 inataka mkopesheji asitegemee kupata kitu. Na usikope kwa mwingine ili uonekane mkarimu. Mwenye kujenga mnara aliambiwa akae chini kwanza ahesabu gharama (Luka 14:28).

10. Nina biashara ya kukopesha. Je, ni dhambi?

Kuna kukopesha na kuna kausha damu. Ikiwa mama lishe anachukua laki moja, anarejesha kila siku, na akikwama siku mbili vijana wako wanakuja kubeba godoro na mtungi wa gesi, hapo huhitaji mwalimu wa Biblia akueleze. Torati ambayo Yesu alilelewa nayo inasema ukichukua vazi la maskini kuwa rehani, umrudishie kabla jua halijatua, maana ndilo anajifunika usiku (Kutoka 22:26-27). Yesu anapotaja mtu anayeshitakiwa ili anyang'anywe kanzu, wasikilizaji wake walijua hali hiyo.

Kama riba yako inajulikana tangu mwanzo, inalipika, na mtu akikwama mnakaa mnapanga upya, uko mahali pengine kabisa. Vikundi vingi vya akiba na mikopo vinaendeshwa hivyo na vimewatoa watu kwenye mikono ya wakausha damu.

11. "Msisumbukie ya kesho." Basi bima, akiba na kikoba ni kukosa imani?

Ndege aliowataja Yesu hawapandi wala hawavuni, lakini wanaamka alfajiri kutafuta. Anachokiondoa ni ule usumbufu unaokula usingizi bila kuongeza hata dhiraa moja kwenye maisha. Kadi ya bima ya afya haikuzuii kumwamini Mungu, na mara nyingi inawazuia ndugu zako wasiuze shamba kwa ajili ya upasuaji wako.

Tajiri mpumbavu wa Luka 12 hakulaumiwa kwa kuwa na ghala. Soma maneno yake: ghala zangu, nafaka yangu, vitu vyangu, nafsi yangu. Katika hotuba yake yote hakuna mtu mwingine.

12. Mama anahitaji dawa, na fungu la kumi halijatolewa. Nianze na lipi?

Dawa.

Yesu alikwisha kulijibu hili kwa ukali. Katika Marko 7:9-13 anawashutumu watu waliowaambia wazazi wao, "kile ambacho ningekusaidia nacho nimekiweka wakfu kwa Mungu", wakaita Korbani, wakadhani wamefanya ibada. Na katika Mathayo 23:23 anawaambia waliokuwa wakitoa zaka hata za mnanaa na bizari kwamba wameacha mambo makuu ya sheria, yaani adili, rehema na imani. Hakuwaambia waache zaka. Aliwaambia wasisahau haya mengine.

Kanisa linaloelewa Injili halitakudai deni mwezi huo. Litakuuliza mama anaendeleaje, na pengine kikapu kitazunguka kwa ajili yake.

13. Michango ya harusi imenizidi. Nikikataa naambiwa sina upendo.

Luka 14:12-14 ni aya ambayo kamati za harusi huiruka. Ukiandaa karamu, anasema Yesu, usiwaite rafiki zako na majirani matajiri wasije wakakulipa; waite maskini, vilema, viwete na vipofu, ambao hawana cha kukulipa. Sisi tumepanga kinyume chake kabisa: kiwango cha kadi ya mtu mmoja, kiwango cha kadi ya wawili, na mlangoni kijana mwenye orodha. Bibi aliyemlea bwana harusi anaweza kubaki nje kwa kuwa hakufikisha kiwango.

Kuchangiana si kosa. Ni mila nzuri, na Yesu mwenyewe alikwenda harusini Kana, akaokoa aibu ya wenyeji. Tatizo ni pale mchango unapogeuka deni na karamu inapogeuka mashindano. Wewe toa unachoweza, bila kinyongo na bila kukopa (namba 9). Kama wewe ndiye unayeoa, una nafasi nzuri zaidi: weka meza mbili za watu wasiochangia. Kamati italalamika kwa wiki moja.

## Sala, kufunga na kutoa

14. Niingie chumbani nifunge mlango? Sisi tunaishi chumba kimoja watu sita.

Yesu hakuwa na chumba chake hata kimoja. Alikwenda mlimani, au alfajiri mahali pasipo watu. Mlango anaoutaka ni ule wa kujifungia sifa za watu. Wengine husali kwenye daladala asubuhi, macho wazi, na hakuna anayejua. Sala za pamoja hazikukatazwa, maana "Baba yetu" yenyewe ni ya wengi. Kuhusu maneno kurudiwarudiwa hadi usiku wa manane ili Mungu asikie, soma Mathayo 6:7-8.

15. Nikifunga, ni kwa namna gani? Na kama mhubiri ametuagiza tufunge bila kikomo?

Kwa kawaida: oga, paka mafuta, nenda kazini, usitangaze. Chakula ulichokiacha mpe mtu mwenye njaa, kama Isaya 58 inavyosema. Mjamzito, mwenye kisukari, anayetumia dawa za kila siku, mtoto: hao wana njia nyingine za kujinyima, na wasione haya kula.

Sehemu ya pili ya swali si ya kinadharia. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, zaidi ya miili 400 ilifukuliwa, ya watu walioaminishwa kwamba wakifunga hadi kufa watakutana na Yesu. Watoto walikuwamo. Yesu alifunga siku arobaini kisha akaona njaa, malaika wakamhudumia. Hakumwagiza mtu yeyote afe kwa njaa. Aliwaona watu walioshinda naye bila chakula akasema anawahurumia, asingependa wazimie njiani (Mathayo 15:32). Mhubiri akikuagiza ufunge bila kikomo, au akikukataza hospitali, au akikutenga na ndugu zako, ondoka na uwaambie wengine. Tazama pia namba 20.

16. Kwenye harambee ya kanisa majina na kiasi hutajwa kwa kipaza sauti. Si ndiyo ile tarumbeta?

Inakaribia sana. Mathayo 6:2 inasema usipige panda mbele yako unapotoa. Wenye hoja husema kutaja majina huhamasisha, na hesabu huwa wazi. Hesabu inaweza kubandikwa ukutani kwa jumla, bila jina. Na mama aliyetoa elfu moja asisimamishwe baada ya aliyetoa milioni. Yesu alishasema ni nani kati yao aliyetoa zaidi (Marko 12:41-44).

Wanasiasa ni sura nyingine. Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alitangaza kwamba fedha zilizotolewa na Rais William Ruto katika kanisa Katoliki la Soweto zirudishwe. Wengi walishangaa, kwa kuwa wamezoea kuona bahasha zikipokelewa kwa vigelegele. Parokia ndogo yenye paa linalovuja haiwezi kufanya hivyo bila maumivu, na sitamlaumu padre anayesita. Lakini panda ikipigwa na mwenye ving'ora, hata wahubiri huanza kucheza ngoma yake.

## Ulimi

17. Yesu alisema msiape kabisa. Nimeitwa mahakamani kutoa ushahidi.

Wakristo wengi huapa mahakamani kwa dhamiri safi, wakiamini kwamba Yesu alikuwa anakemea desturi ya kuapa ovyo, kwa mbingu, kwa Yerusalemu, kwa kichwa. Wengine, kama Marafiki na Wamennonite (namba 3), kwa mapokeo yao hawaapi. Sheria za Kenya na za Tanzania zinatoa nafasi ya kuthibitisha bila kiapo kwa mtu ambaye imani yake inamzuia. Mwambie karani mapema.

Kuna viapo vizito zaidi ya hivyo. Miaka ya 1950, katikati mwa Kenya, baadhi ya Wakristo wa Uamsho walikataa kula kiapo cha Mau Mau, na wakakataa pia kushika bunduki upande wa serikali ya kikoloni. Wapo waliouawa kwa hilo.

Kwa maisha ya kawaida, neno hili linaanzia kwa fundi anayesema "njoo Ijumaa" akijua kwamba Ijumaa haitakuwa tayari. Ndiyo yako ikiwa ndiyo, hutahitaji "haki ya Mungu".

18. "Msihukumu." Basi nisimkosoe mtu yeyote?

Mfano wa boriti na kibanzi unaishia kwa kutoa kibanzi, na watu husahau sehemu hiyo. Toa boriti yako kwanza, kisha utaona vema, umsaidie mwenzako. Katika sura hiyohiyo Yesu anataka tuwatambue manabii wa uongo kwa matunda yao, na huwezi kutambua bila kupima. Alichokataza ni kukaa kwenye kiti cha mwisho na kuamua huyu amepotea moja kwa moja.

Na kuna "tumwombee dada fulani, mnajua yaliyompata?" kwenye kundi la WhatsApp la kwaya. Hiyo ni hukumu iliyovaa kanzu. Kama ni kweli, mfuate mwenyewe.

## Maswali magumu zaidi

19. Luka 14:26 inasema nimchukie baba na mama. Ukoo unafanya tambiko na wanataka mchango wangu.

Kuchukia hapo ni namna ya Kiebrania ya kusema kutanguliza mmoja kuliko mwingine. Mathayo 10:37 inasema jambo hilohilo kwa maneno "apendaye zaidi kuliko mimi". Aliyesema hivyo ndiye aliyemkabidhi mama yake kwa mwanafunzi akiwa msalabani. Hakuna ruhusa hapa ya kumpuuza mzazi.

Kuhusu tambiko, Wakristo hawachori mstari mahali pamoja, na sitajifanya kwamba wanachora. Wengi huenda kwenye kikao cha ukoo, huleta mchele na sukari, hukaa na wazee, husafisha makaburi, kisha hueleza kwa heshima na mapema kwamba hawatashiriki sehemu ya kuomba mizimu. Kinachoharibu zaidi ni kutokwenda kabisa, kisha kutuma ujumbe mrefu wenye aya kumi za Biblia kwa baba mkubwa wa miaka themanini. Yeye alitaka kukuona.

20. Kuna mtumishi anayeponya na kutabiri kwa usahihi, lakini maisha yake yananitia shaka. Nani ananidanganya, macho au masikio?

Mathayo 7:21-23 inaonyesha watu waliotoa unabii, waliotoa pepo na kufanya miujiza mingi kwa jina la Yesu, na bado wakaambiwa hakuwajua kamwe. Kwa hiyo muujiza, hata ukiwa wa kweli, haujibu swali lako. Yesu alitoa kipimo kingine, matunda, na matunda huchukua msimu. Angalia wanaofanya kazi nyumbani kwake wanalipwa vipi na wanasemaje. Angalia wajane waliomfuata kwa miaka mitano wana hali gani. Angalia kama anakubali kuulizwa.

Kama chupa ya mafuta ina bei, kama kumwona kuna ada, na ya haraka ina ada kubwa zaidi, soma Mathayo 10:8, "mmepata bure, toeni bure", uone kama anaweza kuihubiri mbele ya meza yake ya mauzo. Ukiwa tayari umetoa fedha nyingi, huhitaji kuona aibu wala kuendelea kutoa ili zile za kwanza zisiwe zimepotea. Zungumza na mzee wa kanisa usiyemwogopa. Kama ulitumia mkopo, anza na namba 10, na kama nyumbani bado hawajui, waambie leo.